Majina Kumi na Mawili Nyuma ya Daftari

Donatille hakupenda jina lake liandikwe mahali popote, na Mishamo nzima walishachoka kumbembeleza. Katika daftari la kwaya ya kigango, kati ya majina ya sauti ya pili, palikuwa na mstari mtupu, na mstari huo mtupu ndio ulikuwa yeye. Vyandarua vya bure vilipokuja na watu wakajipanga kuandikishwa, yeye alifunga safari hadi sokoni akanunua cha kwake, tena kidogo, miguu inabaki nje. Mwaka wa vyeti vya uraia alijifungia ndani siku tatu akisema mgongo unamuuma, mpaka binti yake Goreth akapanda basi kutoka Mpanda, akaja kumshika mkono na kumpeleka kuweka dole gumba. Baada ya hapo alilalamika mwezi mzima kwamba sasa wamejua anakokaa.

“Nani, Mama?” Goreth alimuuliza.

“Wao,” alijibu, akaendelea kuchambua maharage.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, mkavu, mwenye hatua ndefu, mkulima hodari wa maharage na mihogo. Muuza chumvi akipita na baiskeli ilikuwa lazima aeleze jana alilala wapi. Fundi akija kurekebisha bati aliulizwa jina la baba yake na la babu yake, halafu akiuliza la mwenye nyumba anaambiwa agonge misumari. Watu walimcheka, lakini kwa heshima, na wa umri wake hawakumcheka kabisa. Wazee wa Mishamo watakusimulia habari za simba waliozunguka vibanda vyao walipoletwa kwenye msitu huu kama wakimbizi, na mvua ya kila mwaka tangu hapo. Ila habari za Burundi, za mwaka wa sabini na mbili, wakizifikia huzikatisha na kuomba maji ya kunywa. Watoto wamekua hivyo, wakijua kwamba kuna kitu na kwamba hakiulizwi.

Katika chumba cha pili cha nyumba ile alilala Emelyne, mtoto wa Goreth, miaka kumi na saba, kidato cha nne. Goreth alikuwa mpishi kwenye hoteli mjini Mpanda, na mtoto alimwachia mama yake tangu alipoachishwa ziwa. Donatille alimpenda binti huyo kupita kiasi, na kwa kuwa hakujua kulisema, alimfokea kutwa nzima. Shule ya sekondari aliitaka na kuiogopa kwa pamoja. Kila Emelyne alipopanda darasa, bibi alichinja kuku, kisha akashindwa kumla.

Basi mwezi wa kumi, mtihani wa taifa ukiwa umebakiza majuma matatu, Emelyne akaanza kubadilika.

Kwanza alikuwa anatazama nyuma ya mlango kabla ya kuingia ndani. Halafu akawa anaandaa chakula, anasimama juu ya mkeka, anaziangalia zile sahani mbili kama mtu asiyeamini kwamba ni mbili. Ukimwita anaruka. Usiku taa yake haizimiki, asubuhi macho mekundu, na ukimuuliza anasema anajisomea. Siku moja, akiwa anasonga ugali, akauliza:

“Bibi, kabla yetu nani alikaa kwenye nyumba hii?”

“Nyani,” Donatille alisema. Na ilikuwa kweli, maana nyumba hiyo waliijenga wenyewe palipokuwa na miti mitupu. Lakini swali halikumpendeza. Mtoto wa watu hawezi kuamka tu akauliza nani alikuwepo kabla. Kuna mtu anamuulizisha.

Akaanza kupeleleza, kazi aliyoijua vizuri kuliko kulima. Akagundua kwamba Emelyne na rafiki yake Joséline wakikutana kisimani wananong'ona, na yeye akikaribia wanazungumzia hesabu. Akagundua pia kwamba kuna kitu kimefungwa kwa gazeti ambacho Emelyne anakibeba chini ya daftari, na kwamba shuleni kuna mwalimu mpya wa Kiswahili, kijana wa Kisukuma kutoka Majimoto, anaitwa Ngusa. Alikwenda kumtazama sokoni akinunua nyanya. Mwalimu akamwona, akainama, akasema, “Shikamoo, bibi yake Emelyne.” Donatille aliitikia huku moyo umeshaingia baridi. Alimjuaje?

Jumamosi, Emelyne akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, Donatille alitoa magodoro nje kuyaanika. Chini ya godoro la mjukuu palikuwa na daftari. Kile kitu cha gazeti hakikuwepo. Alilifungua daftari kutoka nyuma, kwa sababu alijua watu huficha mambo nyuma. Alikuwa amesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini herufi zilikuwa hazijamtoroka.

Palikuwa na majina kumi na mawili, kwa mwandiko ambao haukuwa wa Emelyne. Kila jina lilikuwa na kijiji chake na barabara yake, kama mtu anayetaka kufika bila kuuliza njia. Mbele ya kila jina kulikuwa na tarehe. Saba yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu. La saba, lililokatwa, lilikuwa la Joséline. La nane lilikuwa la Emelyne, bado zima, na mbele yake palikuwa na tarehe ya Jumatatu.

Aliyasoma tena kwa kidole. Alizijua familia zote kumi na mbili. Wote walikuwa watoto wa watu waliokuja na wazazi wao kutoka Burundi. Darasa lile lina watoto wa wafugaji, wana wa Wasukuma walioshuka na ng'ombe zao, akina Malale na Ng'washi, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa humo. Donatille akakaa chini kwenye vumbi, kando ya godoro, daftari likiwa mapajani.

Sasa, mtu wa Majimoto au wa Kasansa akiokota karatasi yenye majina ya wanafunzi, atadhani ni zamu za kufagia darasa. Donatille hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa na miaka tisa siku ile kilimani kwao Burundi, kaka yake Celestin alipokuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Lori lilikuja asubuhi. Mtu akashuka na karatasi, akasoma majina kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayegawa barua, na yote yalikuwa majina ya vijana waliosoma. Walisema ni mkutano. Celestin alivaa shati lake jeupe, akamwambia mdogo wake amletee viatu. Donatille akavileta. Hilo ndilo hakulisema kwa mumewe mpaka alipomzika, wala kwa Goreth, wala kwa padri: kwamba viatu alivileta yeye, tena mbio, na alikuwa amevifuta.

Alilirudisha daftari chini ya godoro, akatoka kwenda kwa Joséline.

Alimkuta anatwanga. “Jina lako limekatwa kwa nini?” alimuuliza bila salamu.

Joséline aliacha mchi. “Bibi, umeona wapi?”

“Nakuuliza wewe.”

“Tulikubaliana hakuna kusimulia,” binti alisema, anacheka kwa aibu. “Anayesimulia anaharibu. Emelyne mwenyewe atajua Jumatatu.”

“Atajua nini Jumatatu?”

“Bibi, jamani, hapana. Tumeapa.”

Kicheko kile ndicho kilichommaliza Donatille. Hata wale vijana wa kilimani walipanda lori wanacheka.

Kutoka hapo alipitia kwa Didace, jirani yake mwenye bodaboda, mtu wa makamo, mpole. Akamwambia Jumatatu saa kumi na mbili na nusu awe mlangoni, ampeleke Emelyne Mpanda kwa mama yake. Didace akauliza mtihani je. Donatille akamwambia yeye kazi yake ni pikipiki. Jumapili, Emelyne alipokwenda kuchota maji, bibi alichukua sare ya shule, akaikunja, akaizamisha katikati ya gunia la mahindi. Akafungasha begi: kanga mbili, gauni la kanisani, sabuni. Alijua kabisa anachokivunja. Miaka minne ya kuamka alfajiri, ada ya jasho la Goreth, na binti ambaye walimu wote walisema atafika mbali. Lakini asiyefanya mtihani anaweza kuufanya mwaka unaofuata, na aliyepanda lori harudi.

Jumatatu Emelyne aliamka, akanawa, akatafuta sare. Alitafuta kwenye kamba, kwenye kikapu, chini ya kitanda. Alipofika sebuleni aliliona begi karibu na mlango, na nje Didace ameketi juu ya pikipiki iliyozimwa.

“Bibi, sare yangu iko wapi?”

“Unakwenda kwa mama yako.”

“Leo? Bibi, leo tuna jaribio la mwisho la Baiolojia! Nitarudi lini?”

“Nitakuambia.”

“Mama anaumwa?”

“Haumwi.”

“Sasa mbona unanifanyia hivi?” Sauti ikapanda, na Emelyne hakuwa mtoto wa kupandisha sauti. “Nimekosa nini mimi? Si useme!”

Donatille alilitoa daftari kwenye mkunjo wa kanga yake, alilokuwa amelikwapua tena asubuhi ile, akaliweka kwenye mkeka likiwa limefunguliwa nyuma. “Nani ameandika haya majina?”

Emelyne alilitazama daftari, akamtazama bibi yake. Akaanza kucheka. Kisha akakiona kidole cha bibi, bado kiko juu ya jina lake, na kicheko kikakatika.

“Mwalimu Ngusa,” alisema. “Ni zamu, Bibi. Ni zamu za kitabu.”

“Kitabu gani kinahitaji kujua barabara tunayokaa?”

“Kipo kimoja tu, ni cha kwake. Amechoka kukitafuta bila kujua kila mtu anakaa wapi. Ukimaliza unakatwa, anafuata mwingine, na daftari linakwenda na kitabu. Mimi natakiwa nikirudishe leo.”

“Na watoto wa Wasukuma je? Mbona hawamo?”

“Wao wanakaa karibu na shule, walitangulia, wana karatasi yao. Ng'washi alikisoma kwa siku mbili, akakataa kwenda chooni peke yake wiki nzima.”

“Kilete.”

Kilikuwa ndani ya begi la shule. Emelyne alikitoa kwenye gazeti. Jalada lilikuwa limechanika na kugundishwa, lenye picha ya nyumba kubwa ya mawe mlimani na msichana aliyeipa mgongo. *Sahani ya Tatu*, kiliitwa. Donatille alikishika kwa ncha za vidole, akakigeuza, akakipepeta. Hakikudondosha kitu.

“Soma,” aliamuru.

“Sa hivi? Bibi, nachelewa.”

“Soma nisikie wanawafundisha nini nyie.”

Basi Emelyne akakaa kwenye mkeka, akasoma. Msichana anaitwa Mboni, kafiwa na wazazi, anapelekwa kuishi kwa shangazi yake huko Usambara, kwenye nyumba waliyoijenga Wajerumani, ukungu mchana kutwa. Wako wawili tu, yeye na shangazi. Lakini kila asubuhi mezani kuna sahani tatu, na ya tatu imeliwa. Mboni anauliza. Shangazi anasema, unaota, mwanangu, mbona ni mbili. Na akitazama tena, ni mbili. Anasikia mtu anatembea chumba cha nyuma. Shangazi anasema ni panya. Mboni anaanza kuandika kila anachokiona ili asije akasahau, na kesho yake akisoma alichokiandika, anakuta si alichokiandika. Mpaka anaogopa kichwa chake mwenyewe kuliko nyumba.

Didace alikuwa amesogea mlangoni, akaegemea, hakuna aliyemfukuza.

“Shangazi anaongopa,” Donatille alisema katikati ya ukurasa.

“Ndicho tunachobishania darasani! Nusu wanasema Mboni amerukwa na akili, nusu wanasema shangazi. Umejuaje? Bado mwisho hujaufikia.”

“Anajibu haraka mno. Asiye na la kuficha angeuliza kwanza, sahani gani? Angekuja kutazama.” Alijifuta pua kwa kanga, amechukia, na bado alikuwa ametega sikio. “Endelea. Hapana, ngoja. Niambie kwanza. Mambo ya kuogofya yamejaa duniani. Nyie mnaamka usiku kuyatafuta kwenye karatasi ya nini? Kuna utamu gani?”

Emelyne alifikiri. Hakuwa na jibu la haraka, na kwa hilo bibi alianza kumwamini.

“Ukisoma unaogopa kweli, noma kabisa,” alisema. “Lakini uoga wenyewe una mahali pa kuushika. Unajua uko ukurasa gani. Halafu kuna mwenzako anaogopa kitu hichohicho, mnaongea. Na mwisho wa kitabu... hili nilishalisoma, Bibi, samahani Didace, nawaharibia. Mwisho wa kitabu kuna mtu anamwambia Mboni kwamba hakuwa anaota. Joséline alilia hapo. Mimi nililia zaidi.”

Donatille aliinuka. Alikwenda kwenye gunia la mahindi, akaingiza mkono mpaka begani, akaivuta sare, akaikung'uta. Punje zikamwagika sakafuni. Sketi ilikuwa na vumbi na mikunjo isiyohesabika.

“Vaa. Didace atakupeleka shule,” alisema. “Na huyo Ngusa mwambie, majina ya watoto wa watu hayaandikwi ovyo na barabara zao. Mwambie ni mimi nimesema.”

Emelyne aliipokea sare lakini hakuondoka. Alisimama ameikumbatia.

“Bibi. Ulivyosema shangazi anajibu haraka.”

“Ee.”

“Nilikuwa mdogo, sijaanza hata shule. Kulikuja gari la watu wa kuandikisha kaya, lori la kijani. Nilikutafuta nyumba nzima. Nikaenda kule kwenye mashimo ya kulowekea mihogo, nikakuta moja kavu limefunikwa magunia, na magunia yanapumua. Nikaita, Bibi. Hukuitika. Niliita mpaka nikalia. Jioni nikakuuliza ulikuwa unafanya nini shimoni. Ukaniambia niliota.” Alivuta pumzi. “Ulijibu haraka. Nami nikaamini kwamba kichwa changu hakiko sawa. Mpaka leo nikiona kitu huwa naangalia mara mbili. Nilimwambia Joséline peke yake. Akasema hata babu yake ana shimo lake, na kwao pia waliambiwa wanaota.”

Pale mlangoni Didace alishusha macho. Kuku aliingia, akaanza kudonoa zile punje, na hakuna aliyemtoa.

Donatille alihisi hasira kwanza, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Mtoto gani huyu wa kuhoji wakubwa mbele ya jirani? Neno lilikuwa tayari mdomoni: uliota. Lilikuwa fupi na jepesi, na limemtumikia miaka kumi na miwili. Akamtazama binti aliyesimama na sare iliyokunjamana, miaka kumi na saba, anasubiri, na akaona wazi kwamba alichokuwa anakilinda kwa kunyamaza ndicho alichokuwa anakibomoa. Ikamuuma kuliko alivyotegemea.

“Uliona kweli,” alisema.

Emelyne hakusogea.

“Nilikuwa shimoni. Nilikusikia unaniita, na nikaziba mdomo wangu kwa mikono yote miwili nisikuitikie. Hukuota, mwana wanje, mwanangu. Kichwa chako ni kizima. Mimi ndiye niliyeogopa.”

“Uliogopa nini, Bibi?”

“Karatasi. Lori.” Akakaa chini kwenye mkeka, taratibu, mkono mmoja ukitafuta sakafu. “Nilikuwa na kaka. Alikuwa anasoma kama wewe. Walikuja wakasoma jina lake kwenye karatasi, wakasema ni mkutano, naye akaniomba nimletee viatu. Nikamletea mimi.”

Emelyne alipiga magoti mbele yake, sare ikabaki katikati yao.

“Jina lake nani?”

Ilikuwa miaka zaidi ya hamsini. Donatille aliangalia mlangoni, kama alivyoangalia maisha yake yote, kuona nani anasikiliza. Alikuwepo Didace tu, amevua helmeti.

“Celestin,” alisema, kwa sauti ndogo mno kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuridhika nayo.

“Sema tena, Bibi.”

Akasema tena.